Ngata Nne Chini ya Kompyuta

Nikiona mtu ameweka laptop juu ya godoro, mkono unaniwasha. Niliwahi kuingia nyumbani kwa watu, mgeni kabisa, nikainyanyua mashine ya mwenye nyumba kutoka juu ya mto bila hodi wala samahani, nikaiweka mezani, ndipo nikawasalimia. Walinitazama kama mwizi. Vijana wa kanisani wananiita daktari wa kompyuta, ingawa sijui kutengeneza hata chaja iliyokatika waya. Ninachojua ni kimoja tu, kuitunza isichemke, na hicho nilikipata kwa mama yangu, ambaye hajaandika hata herufi moja kwenye kompyuta tangu azaliwe.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Kisugu, mtaa wa Kampala, yeye na mimi, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Juu mabati, mbele ua wa saruji uliokuwa wa wapangaji wote. Tulikuwa tumetoka Bukavu wakati wa vita, mama, dada yangu mkubwa na mimi. Baba tulimzika kule kabla hatujaondoka. Kisha, tukiwa Kampala, mafaili yetu ya ukimbizi yalitenganishwa kwa kuwa dada alikuwa ameshafikia umri wa kujitegemea. La kwake likajibiwa, letu likabaki. Dada akapanda ndege kwenda Norwe akilia, na sisi tukarudi Kisugu tukiambiana kwamba tutamfuata.

Mama alitulisha kwa uzi. Siku za Jumamosi alikwenda soko la Owino, akapekua marundo ya masweta ya mtumba, na wauzaji walimjua kama mteja asiyejali saizi. Hakuwa akitafuta sweta la kuvaa. Alitafuta sweta la kufumua. Akifika nyumbani alikaa kwenye kigoda, akakata mshono wa shingo, akashika ncha ya uzi na kuvuta, na sweta la mtu mnene wa Ulaya likawa linapungua mapajani mwake huku bonge la uzi likikua mkononi. Kisha anachukua sindano ya kroshia, na sufu ile inakuwa vitambaa vya makochi, vya meza, vya redio. Yeyote aliyewahi kuingia sebule za Kampala anajua ninachosema. Huko hata chupa ya chai ina sketi. Mama alikuwa na imani yake kwamba kitu kisichovishwa ni kitu kisichopendwa, na sebule nyingi za Kisugu na Namuwongo zilivaa kutokana na imani hiyo.

Kwa hiyo dada alipotutumia laptop, kwa mkono wa mzee wa kanisa la huko Norwe aliyekuja kutembea, mama hakuuliza inafanya nini. Aliipima kwa urefu wa kiganja. Akaifumia gauni jeupe lenye ukingo wa bluu, na vifungo pembeni, likaifunika mgongo, ubavu na tumbo, likaacha wazi kioo na herufi peke yake. Halafu akaitengenezea na mto, umejazwa mabaki ya sufu, ili isikae juu ya meza kavu kama kitu kisicho na mwenyewe. Nilijivuna nayo, nasema kweli. Majirani walikuja kuitazama. Mke wa polisi, mama mmoja wa kaskazini aliyepanga mlango wa pili na kutufanyia utani tangu siku ya kwanza, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Banange! Hii kompyuta nashinda mimi kuvaa," alisema. "Mimi iko kwa ndoa miaka yote hii, bwana yangu hajanunua mimi gauni kama hii."

Jumapili baada ya ibada ilikuwa siku ya dada. Nilichomeka modemu, tukasubiri, na sura yake ikatokea, nyuma yake dirisha lenye theluji. Mama alimtazama kwanza, akichunguza kama amekonda. Kisha mazungumzo yanaanza, na kabla hayajafika popote, ndani ya mashine kunaanza kulia kitu kama nyuki, sauti inapanda, inapanda, na kioo kinakuwa cheusi. Kikiwa cheusi hivyo ndiyo basi. Ukilazimisha kuiwasha, inapepesa taa na kuzimika tena, mpaka jua la Kisugu litue.

Mimi ni mtu wa kuchemka haraka. Nililaumu mtandao, nikalaumu umeme, nikawalaumu Wanorwe wote kwa jumla. Mama aliweka kiganja juu ya mashine kama anavyowekea mtoto kwenye paji la uso.

"Iko na homa," alisema.

Na homa, kwa mama, ina dawa moja. Mgonjwa anafunikwa mpaka atoe jasho. Jumapili iliyofuata, nyuki walipoanza kulia, mama alileta blanketi lake akaizungushia laptop juu ya gauni, kwa upole, akiipapasa, huku dada kule Norwe akiuliza mbona anaona kitu chekundu chenye manyoya. Mashine ilizimika pale pale. Leo nikikumbuka nacheka mpaka machozi, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Tungeishi hivyo, tukimwona dada kwa vipande, kama asingeolewa. Habari ya harusi ilituletea furaha, na ikaleta jambo jingine nyuma yake. Katika ukoo wetu binti akiolewa, wanasema wajomba, anasema mchungaji, wanasema wenye mali, yaani walioleta mahari, na wakishamaliza wote, anasimama mama. Neno la mama ni la mwisho. Baada yake hakuna hotuba, ni kula na kucheza. Na kwa kuwa baba hayupo, la mama lingekuwa la wazazi wote wawili. Dada alikuwa ameshawaambia wakwe zake hivyo.

"Mama, nimewaambia mi sitakwenda kwa bwana bila neno yako," alisema siku hiyo kwenye kioo. "Banaweza kungoja. Bataweka wewe kwa ukuta kubwa pale kwa salle ya karamu, batu bote bakuone, njo useme..."

Nyuki wakalia, dada akapotea mdomo ukiwa wazi. Mama akabaki anatazama kioo cheusi. Sikuwahi kumwona akiogopa mashine kabla ya hapo. Alikuwa amehesabu, bila shaka, nilichokuwa nimeshakihesabu mimi. Hotuba ni ndefu, zamu yake ni ya mwisho, na mashine yetu haifiki mwisho wa maamkizi.

Nilimpeleka kwa fundi mjini, ghorofani karibu na Kikuubo, mahali ambapo ngazi zimejaa maboksi na unapanda ukiwa umegeuka ubavu. Mama mwenyewe ndiye aliyeibeba mashine kwenye kikapu, ikiwa imevaa. Fundi alikuwa kijana mchangamfu mwenye bisibisi sikioni. Aliivua gauni kwa adabu, akaiweka kando, akafungua mgongo wa mashine. Kisha akaita wenzake waje kutazama. Feni yote ilikuwa imevaa manyoya, meupe na ya bluu.

"Hii ni mashini ama ni kondoo?" aliuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo. Nilitaka kumwambia uzi wa mama yangu ni bora kuliko hiyo fulana aliyovaa. Mama alinigusa kiwiko.

"Inapumulia wapi?" alimwuliza fundi.

Kijana akaacha kucheka. Akaigeuza mashine, akamwonyesha vitundu vya chini na vya ubavuni. "Ona hapa, mama. Hewa naingia huku chini, feni navuta, joto natoka huku. Sasa nyinyi naweka yeye juu ya mto, halafu nafunga na nguo. Kweri, hata mimi utaniweka hivyo, nakufa."

Mama aliinama akatazama vile vitundu kwa muda mrefu. Akaweka kidole kimoja juu yake, akakiondoa.

"Basi ni mimi niliifunga pua," alisema.

Alisema hivyo mbele ya mafundi wote, wazi, bila kutafuta pa kujificha. Hakusema sikujua. Hakusema aliyeileta hakutuambia. Mimi ningetafuta wa kubebeshwa lawama mpaka ngazini. Nilimpenda mama siku ile kwa namna ambayo sikuwa nimempenda kabla, na hadi leo nikikosea jambo najaribu kulisema kama alivyolisema yeye, ingawa huwa nachelewa.

Fundi naye alilainika. Akampa mama kiti, akasafisha feni kwa brashi, akapaka ile dawa nyeupe inayotuliza joto la moyo wa mashine, na huku akifanya kazi akamweleza yote. Isikae kitandani wala mapajani. Ikae juu ya kitu kigumu, na chini yake hewa ipite. Isipigwe na jua. Vumbi litolewe mara kwa mara. Ikipata moto, izimwe ipumzike kabla haijajizima yenyewe. Mama alisikiliza kama anayepokea mtoto wa kulea. Mwisho akauliza lile lililomleta. Je, itavumilia harusi nzima?

"Mama, sitakudanganya. Hii ni mashini mzee. Video nakula yeye sana. Na kama nyumba yako ni mabati, saa ya mchana..." Alitikisa kichwa. "Itakaa zaidi kidogo kuliko mbere. Harusi yote, hapana."

Jioni hiyo mama alikaa kwenye kigoda chake uani, akashika gauni jeupe, akatafuta ncha ya uzi. Mke wa polisi alipoona anachotaka kufanya alipiga kelele. Majuma ya kazi yalikuwa pale, vile vifungo, ule ukingo wa bluu ambao watu walikuja kuuiga. Mama alivuta tu. Gauni likapungua mstari kwa mstari, na uso wake ulikuwa uleule anapofumua sweta la mtu asiyemjua. Kwa uzi ule alifuma ngata nne ndogo, akizikaza kwa sindano mpaka zikawa ngumu kama mbao, na akaziweka chini ya mashine, kila pembe moja. Wanawake wa kwetu hubeba maji, kuni na ndizi kichwani juu ya ngata, na kati ya mzigo na kichwa hupita hewa. Laptop ilisimama juu ya zile ngata kama mzigo uliobebwa na mtu anayejua kubeba.

"Sasa iko na miguu," alisema, akapitisha kiganja chini yake kuhakikisha upepo unapita.

Tangu siku hiyo chumba kile kilikuwa cha kompyuta, na sisi tulikuwa wapangaji wake. Mama alikataza sigiri, lile jiko letu la makaa, kukaribia mlango. Mswaki wangu wa zamani ukawa wa kusugulia vitundu, na manyoya ya kuku yaliyofungwa pamoja yakawa ya kupangusa herufi. Nikiiacha mashine wazi nikaenda kuoga, nilirudi nikaikuta imefungwa, na mama akiwa ameshona midomo. Kazi zake za sufu alizihamishia uani kabisa, mvua ikinyesha anafumia kwenye baraza la mke wa polisi, ili unyoya usiruke ndani. Halafu siku moja nilitoka kazini nikakuta kitanda chake kimehama. Chumba chetu kilikuwa na ukuta mmoja uliopakana na nyumba jirani, wenye ubaridi, na mwingine uliopigwa na jua la alasiri mpaka ukiuegemea unatoka jasho. Kitanda cha mama kilikuwa kwenye ukuta wa baridi tangu tuhamie, maana ana presha. Sasa palikuwa na meza, na juu ya meza mashine juu ya ngata zake. Kitanda kilikuwa kule kwenye moto.

Nilifoka. Nilimwambia kompyuta haina presha.

"Inayo," alijibu, na akaendelea kukung'uta shuka.

Jumapili zikawa nzuri. Dada alikaa kwenye kioo muda wa kutosha kutuonyesha mchumba wake, jikoni kwake, hata viatu. Lakini fundi alikuwa amesema kweli. Joto la mchana likizidi, hata na ngata, hata na mlango wazi, nyuki walikuja, na wakishakuja hakuna wa kuwarudisha. Na harusi ilikuwa imepangwa mchana, wakati Kisugu mabati yanalia yenyewe kwa kupanuka. Simu zetu zilikuwa zile za tochi, hazionyeshi mtu. Nilipendekeza twende kwenye duka la intaneti, mama akakataa katakata. Neno la kumtoa binti, alisema, halisemwi mahali ambapo mtu nyuma yako anangoja kiti.

Siku ya harusi ilifika na jua lake. Wanawake wa Kikongo wa kanisani walikuja wamevaa vitenge vya sare, mke wa polisi akaja na gomesi, gauni la Kiganda lenye mabega marefu, wakajaa chumbani wakitafuta pa kukaa mbele ya meza. Nilishika chaja. Nilikuwa nimenunua bando la kutosha, nimeshajipanga kumwona dada akiingia kanisani. Nikaweka mkono kwenye mashine nifungue.

"Acha," mama alisema.

Nilidhani anataka kuomba kwanza.

"Haifunguliwe sasa. Itafunguliwa saa ya neno."

Kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Mke wa polisi ndiye aliyewashinda kwa sauti. "Mama, sisi navaa namna hii kuja kuangalia ukuta?"

Nikachemka. Nilimwambia mama mbele ya watu wote kwamba haiwezekani. Mtoto wake wa kwanza anaingia kanisani, mara moja tu katika maisha, na mashine ipo, na bando lipo, naye akae hapa kama mtu asiye na macho? Tuifungue kidogo, tumwone akiingia, tuifunge. Hata nilipokuwa nasema nilijua jibu. Tukiifungua kidogo katika joto lile, na watu wote wale chumbani, hakuna ambaye angekubali kuifunga, na mimi wa kwanza. Na ikishapata moto isingerudi mpaka jioni.

Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani na kilemba. Hakupandisha sauti.

"Kumuona ni furaha yangu," alisema. "Neno ni ya kwake."

Nikaondoa mkono kwenye mashine.

Kisha akatutoa. Watu wana joto, alisema, na kwa heshima zote aliwapeleka wageni wake uani, chini ya turubai, akawapa soda. Akalowesha shuka mbili, akatundika moja mlangoni na nyingine dirishani. Akamwaga maji sakafuni akayasambaza kwa ufagio. Chumba kikapoa mpaka ukiingia unasikia ngozi imeshukuru. Mke wa polisi, ambaye alikuwa amekasirika kweli, aliguna, akaenda kwake, akarudi na feni ya umeme ya mumewe, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akaielekeza mezani. "Afande akiuliza, mimi hapana jua," alisema.

Mama akaketi mbele ya mashine iliyofungwa, mikono mapajani. Nami nikaketi kando yake na simu ya tochi, maana tulikuwa tumekubaliana na mzee wa kanisa kule Norwe kwamba atatubipu zamu ikikaribia. Huko uani wanawake walianza kuimba nyimbo za harusi. Nilijua saa ya kanisa inaanza. Nilijua sasa anaingia. Mama naye alijua, kwa sababu mguu wake ulianza kufuata wimbo polepole chini ya kitenge, na macho yake yalikuwa kwenye kile kifuniko kama vile kimefunguka. Nililia, na nililia kwa hasira pia, kwa nini yeye ndiye anayenyimwa siku zote. Yeye hakulia. Mara moja moja alipitisha kiganja chini ya mashine, kati ya zile ngata, akanitazama, akaitikia kwa kichwa kwamba ni baridi.

Simu ikabipu.

Nilifungua. Sura zikaja, ukumbi mkubwa, watu wengi wenye makoti, na katikati dada yangu mwenye shela, mkono mdomoni. Mama alisimama. Hakusogea karibu na kioo wala hakupaza sauti kama wafanyavyo watu wazima kwenye video. Alisimama kama angesimama mbele yake.

"Mutoto wangu," alisema. "Baba yako hayuko. Nasema kwa mudomo yangu na kwa mudomo yake. Nilikubeba kutoka Bukavu, sikukuangusha. Huyu mwanaume anakupokea leo, naye asikuangushe. Na wewe usimuangushe. Mukae. Muzae. Mukikasirikiana, musishikane pale pale. Kitu ya moto haishikwe. Muache ipoe, njo museme. Mulango yako ifungukie bageni. Sina kitu ya kukupa, niko na hii neno tu, na nimeitunza muzuri mpaka imekufikia. Enda na amani, mama. Nimekutoa."

Hakuharakisha hata neno moja. Kule ukumbini watu wakaitika amina, huku uani wakaitika amina nyingine. Mashine ilikuwa kimya. Niliweka kidole ubavuni mwake, vuguvugu tu. Imekwisha, nikajiambia, imefika.

Dada alikuwa amesogea mpaka uso wake umejaa kioo, rangi za macho zimemwagika mashavuni.

"Mama," alisema, "uliniona vile naingia? Balionyesha mi kamera iko wapi. Nilipofika pale nilisimama, nikakupungia mukono. Uliniona?"

Shuka la mlangoni lilidondosha maji. Nilimtazama mama. Ni shemasi, mama yangu, hajui kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Nilitamani kufunga kioo, nilitamani kumjibia.

"Pungia tena, mama," alisema. "Pungia tena, nione muzuri."

Dada akarudi nyuma, akasimama wima, akainua mkono wenye glavu nyeupe. Mama akainua wa kwake. Na hapo ndipo nilipomwona mama akigeuka kwa haraka ambayo sikuwa nimeiona kwake siku nyingi, akalivuta lile shuka la mlangoni chini na kuita uani kwa sauti yote aliyokuwa ameizuia.

"Mukuye! Mukuye bote! Neno imefika! Sasa muiache ichemke!"

Wakaingia. Waliingia na vitenge vyao, na soda zao, na joto lao lote, mke wa polisi mbele kabisa akipiga vigelegele, wakabanana mbele ya meza na kupunga mikono, na kule Norwe ukumbi mzima ukasimama ukatupungia. Muziki ukaanza. Nyuki wakaanza kulia ndani ya mashine, wakapanda juu ya muziki, na hakuna aliyejali. Mama hakupitisha tena kiganja chini yake. Alikuwa anamtazama mtoto wake.

Kioo kilipokuwa cheusi, mkono wake ulikuwa bado juu.